LUGHA MBILI KWA MSHAHARA MMOJA

Wako mabwana wanaolia. Kilio chao si cha njaa wala cha msiba. Ni kilio cha wenye vituo vya simu, na maneno yake ni haya: "Kazi tunayo, viti tunavyo, mashine tunazo, lakini watu wajuao Kifaransa na Kiingereza pamoja hatuwapati." Kilio hiki kimesikika Kanada kwa miaka mingi, na popote ambapo lugha hizo mbili zinakutana, mtu mwenye masikio atakisikia.

Ndugu msomaji, mtu akikwambia kwamba kitu fulani hakipatikani sokoni, usimwonee huruma upesi. Muulize kwanza alikwenda na shilingi ngapi. Huenda samaki walikuwapo tele, ila yeye alitaka changu kwa bei ya dagaa. Sisi twasema kwamba kilio cha mabwana hawa ni cha namna hiyo hiyo, na katika makala hii tutaeleza kwa nini twasema hivyo. Hatutasema kwa hasira bali kwa hesabu, maana hesabu haina ubaguzi.

KAZI YENYEWE

Kwanza tufahamiane. Kituo cha simu ni jumba lenye meza nyingi zilizopangwa safu safu. Kila meza ina kompyuta, na kila mfanyakazi amevaa spika masikioni na kinasa sauti mbele ya mdomo. Mtu aliye mbali apiga simu: mzigo wake umepotea njiani, au ndege yake imechelewa, au benki imemkata fedha asizozielewa. Huyo mpokea simu hamjui mpigaji, hakuupoteza mzigo wake, wala hakuzikata fedha zake. Lakini yeye ndiye anayetukanwa. Hana ruhusa ya kurudisha tusi. Simu ikikatwa, nyingine yaingia, na mashine yahesabu sekunde alizotumia.

Kazi hii ni halali na ina heshima yake, wala hatumdharau mtu anayeifanya. Lakini tusidanganyane kwamba ni kukaa kivulini na kuzungumza. Ni kazi inayochosha roho, na ndiyo maana watu huiacha mapema. Sasa mwongezee mfanyakazi huyo sharti jingine: simu hii aipokee kwa Kifaransa, inayofuata kwa Kiingereza, ya tatu Kifaransa tena, bila kupumua katikati na bila kuchanganya. Huyo ndiye mtu ambaye mabwana wasema hawampati.

KISA CHA MONCTON

Kuna mji mmoja ambao kila azungumzaye habari hizi hana budi kuutazama. Jina lake ni Moncton, katika jimbo la New Brunswick, mashariki ya Kanada. Historia yake yafaa kusomwa na watu wetu, kwa sababu ni historia ya lugha iliyodharauliwa kisha ikageuka mali.

Nchi ile ilikuwa na wakulima wa asili ya Kifaransa waitwao Waakadia. Mwaka 1755 watawala Waingereza walianza kuwafukuza kwa nguvu. Nyumba zilichomwa moto, jamaa zikatenganishwa, na watu wakapakiwa katika merikebu na kutupwa mbali. Waliosalia walirudi kidogo kidogo, wengi wao wakakuta mashamba yao yamekwisha kushikwa na wengine. Kwa miaka mia mbili na zaidi lugha yao ikawa lugha ya jikoni na kanisani. Dukani, kazini na barazani kwa wakubwa, Kiingereza ndicho kilichotawala. Mwakadia aliyetaka mkate alipaswa kujifunza lugha ya tajiri. Tajiri hakuona sababu ya kujifunza lugha ya Mwakadia.

Hatimaye watu wale waliamka. Mwaka 1960 Louis J. Robichaud, mtoto wa Kiakadia, alichaguliwa kuongoza serikali ya jimbo. Mwaka 1963 chuo kikuu cha lugha ya Kifaransa kilianzishwa pale Moncton. Mwaka 1968 wanafunzi wake waliandamana hadi ofisi ya mji kudai kwamba mji uwahudumie wananchi kwa Kifaransa pia. Meya wa siku hizo, Leonard Jones, aliwakatalia. Lakini mwaka uliofuata, 1969, New Brunswick ikapitisha Sheria ya Lugha Rasmi, na Kifaransa kikakaa kiti kimoja na Kiingereza. Mwaka 2002 mji ule ule wa Moncton ukajitangaza kuwa mji wa lugha mbili.

Tazameni basi yaliyotokea upande wa kazi. Moncton ulikuwa mji wa reli na maghala. Mwaka 1976 biashara kubwa ya Eaton ya kuuza bidhaa kwa katalogi na posta ilifungwa. Mwaka 1988 karakana za reli nazo zikafungwa. Mji ukabaki na mafundi wasio na kazi. Hapo ndipo serikali ya jimbo chini ya Frank McKenna, aliyeongoza tangu 1987 hadi 1997, ilipoanza kuwafuata wenye makampuni mmoja mmoja na kuwaambia: njooni mjenge vituo vya simu huku kwetu. Bwana huyu hata alikuwa na namba ya simu ya bure iliyobeba jina lake, ili tajiri asipate taabu ya kumtafuta.

Makampuni yakaja: ya benki, ya ndege, ya vifurushi. Yalikuja kwa sababu kampuni ya simu ya jimbo ilikwisha kujenga mitambo ya kisasa, na serikali ilitoa fedha za kuwavutia. Yalikuja pia kwa sababu mishahara ya huko ilikuwa chini kuliko ya Toronto. Na yalikuja kwa sababu ya neno moja ambalo Toronto haikuweza kulitoa kwa wingi, yaani watu wa lugha mbili.

Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Lugha waliyofukuziwa babu zao, lugha waliyokatazwa wanafunzi katika ofisi ya meya, sasa matajiri wakapanda ndege kuifuata. Hawakuikuta pale kwa bahati. Waliikuta kwa sababu akina mama waliitunza jikoni, na vijana waliipigania barabarani, na sheria na shule zikaja kuilinda. Kampuni haikupanda mbegu hata moja. Ilifika wakati wa mavuno.

KWA NINI WATU WA LUGHA MBILI NI WACHACHE

Sasa tuzitazame hesabu. Katika sensa ya Kanada ya mwaka 2021, katika kila watu 100 ni 18 tu walioweza kuzungumza Kifaransa na Kiingereza. Quebec walikuwa 46 katika 100. New Brunswick walikuwa 34. Ukiiondoa Quebec na kuihesabu Kanada yote iliyobaki kwa pamoja, hawakufika hata 10 katika 100.

Na haja ya watu hao ni kubwa. Tangu sheria ya mwaka 1974, bidhaa zinazouzwa madukani Kanada huandikwa maelezo yake kwa lugha mbili. Shirika la ndege la Air Canada lafungwa na Sheria ya Lugha Rasmi kumhudumia msafiri kwa lugha anayoitaka. Kampuni yoyote itakayo kuuza nchi nzima haiwezi kuziba masikio mbele ya mamilioni wa Quebec.

Tena yako jambo la pili ambalo mabwana hawapendi kulitaja. Mtu wa lugha mbili si wao peke yao wanaomtaka. Serikali ya Kanada yamtaka ofisini. Hospitali yamtaka, mahakama yamtaka, shule yamtaka awe mwalimu. Kazi hizo zina likizo, zina malipo ya uzeeni, na mara nyingi zina chama cha wafanyakazi kinachosimama nyuma ya mtu. Basi kijana wa Moncton ajuaye lugha zote mbili huingia kituo cha simu akiwa mwanafunzi, hukaa miezi michache, kisha huhamia kwenye neema. Hapo bwana wa kituo hutoka nje na kulia: "Watu hawapatikani!" Bwana mkubwa, walipatikana. Walikuwa ndani ya nyumba yako wakakukimbia.

HESABU YA FOLENI

Huenda mtu akatujibu hivi: "Mshahara hulipwa kwa kazi. Simu moja ni simu moja, iwe ya Kifaransa au ya Kiingereza. Kwa nini mwenye lugha mbili alipwe zaidi?" Swali hili ni zuri na lina jibu. Jibu lake lilianza kujulikana tangu mwaka 1909, wakati Agner Krarup Erlang, mwanahesabu wa Denmark, alipochapisha hesabu zake za simu. Baadaye, akiwa katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alizipanua hata zikaonyesha watu wangapi wahitajiwa ili wapigaji wasingoje mno. Wenye vituo vya simu hutumia hesabu zake hadi leo. Tuzitumie na sisi.

Tuseme kituo chapokea simu 60 za Kifaransa na simu 60 za Kiingereza kwa saa moja, na kila simu yachukua dakika 5. Bwana ataka simu 80 katika kila 100 zipokewe kabla ya sekunde 20 kupita. Ikiwa ana watu wa lugha moja moja, atahitaji watu 8 kwa laini ya Kifaransa na watu 8 kwa laini ya Kiingereza. Jumla ni watu 16. Wakati mwingine Wafaransa wake watakuwa wamekaa bure huku foleni ya Kiingereza imejaa, na wakati mwingine itakuwa kinyume chake. Ni kama posta yenye madirisha mawili: hapa watu wamesongamana, pale karani apiga miayo.

Sasa bwana huyo apate watu wa lugha mbili watupu. Foleni zote mbili zawa foleni moja, na yeyote aliye huru apokea simu yoyote. Hesabu ya Erlang yasema kwamba watu 14 watosha kufanya kazi ile ile, kwa upesi ule ule. Watu 14 mahali pa 16! Mishahara ya watu wawili imebaki mfukoni mwa bwana.

Si hayo tu. Katika mpango wa kwanza, kila mfanyakazi alikuwa kwenye simu dakika 37 na nusu katika kila saa. Katika mpango wa pili, yuko kwenye simu karibu dakika 43. Kwa siku ya saa 8 amezungumza karibu dakika 43 zaidi, yaani kila saa moja ya kazi imeongezewa na dakika zaidi ya tano za kinywa chake na za masikio yake. Amefanya kazi zaidi, na bwana amelipa watu wachache zaidi.

Sasa niambieni, ile faida imetoka wapi? Haikutoka katika mashine, kwa kuwa mashine ni zile zile. Wala haikutoka katika jengo. Imetoka katika ulimi wa mfanyakazi. Kama mishahara ile ya watu wawili ingegawanywa sawasawa kwa wale 14, kila mmoja angeongezewa sehemu moja ya saba ya mshahara wake, na bwana asingepoteza hata senti moja kuliko alivyokuwa akitumia mwanzo. Na hata kama angesema, "Tugawane nusu kwa nusu," bado kila mtu angeongezewa sehemu moja ya kumi na nne. Hesabu ndiyo hiyo. Anayeikataa aje na kalamu yake.

Je, mambo huwa hivyo? Wako waajiri ambao huongeza kitu kidogo kwa ajili ya lugha ya pili, na wako wengine ambao hawaongezi hata senti, husema tu kwamba lugha mbili ni "sharti la kazi". Hata serikali ya Kanada haina sifa kubwa hapa. Mwaka 1977 iliweka bakshishi ya dola 800 kwa mwaka kwa watumishi wake wa lugha mbili, na kiasi hicho kikakaa hapo hapo zaidi ya miaka 40, ingawa bei ya mkate haikukaa. Dola 800 kwa mwaka ni chini ya dola 67 kwa mwezi. Ikiwa serikali yenyewe yaipima lugha kwa kibaba hicho, mwenye kampuni atapima kwa kijiko.

DHARAU YA LAFUDHI

Jambo la tatu ni la aibu zaidi. Wako watu wenye lugha mbili ambao huja mlangoni wakarudishwa, kisha bwana akasema hakuna watu.

Moncton kuna namna ya kuzungumza iitwayo chiac, yaani Kifaransa cha Waakadia kilichochanganywa na maneno ya Kiingereza. Ni lugha ya nyumbani, ya mpira na ya mapenzi. Lakini aliyezaliwa nayo huambiwa na Wafaransa wa mahali pengine kwamba Kifaransa chake kibovu, na huambiwa na Waingereza kwamba Kiingereza chake kina harufu ya Kifaransa. Mwishowe huona haya kuandika kwenye karatasi ya maombi kwamba ajua lugha mbili, wakati ukweli ni kwamba azijua tangu utoto! Na hao hao waliochekwa ndio waliomzaa Antonine Maillet, binti wa Bouctouche, ambaye mwaka 1979 alikuwa Mkanada wa kwanza kupata tuzo kubwa ya Goncourt kule Ufaransa, kwa riwaya juu ya Waakadia waliofukuzwa wakarudi kwao. Lugha ya jikoni ilikaa meza ya heshima Paris.

Sisi twayajua mambo haya vizuri. Nani kati yetu hajasikia Kiswahili cha Lubumbashi kikichekwa Dar es Salaam, au cha Nairobi kikidharauliwa Mombasa? Mwenye kucheka hufikiri ametetea lugha, kumbe amemnyima mwenzake ujasiri wa kuitumia. Kituo cha simu kina haki ya kutaka mpigaji aelewe na aeleweke. Hakina haki ya kumfukuza mtu kwa kuwa sauti yake yatambulisha alikozaliwa.

NDUGU ZETU WALIO HUKO

Kwa nini gazeti la huku lijisumbue na Moncton? Kwa sababu ndugu zetu wako huko.

Serikali ya Kanada, ilipoona idadi ya wasemao Kifaransa nje ya Quebec yapungua, iliweka lengo la kupokea wahamiaji wasemao Kifaransa. Mwaka 2003 lilitajwa lengo la asilimia 4.4 ya wahamiaji waendao nje ya Quebec, nalo halikufikiwa hadi mwaka 2022. Kwa mwaka 2024 lengo likapandishwa kuwa asilimia 6. Na wasemao Kifaransa watoka wapi siku hizi? Wengi watoka Afrika. Miongoni mwao wamo watu wa Bujumbura na Kigali, na watu wa Goma, Bukavu na Lubumbashi, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya nyumbani.

Chukueni mfano wa mtu mmoja wa namna hiyo. Amezaliwa Bukavu. Kiswahili amekisema tangu utoto, Kifaransa amefundishwa shuleni, Kiingereza amekipata Kampala alikopitia ukimbizini. Afika Moncton au Ottawa na lugha tatu kinywani. Kituo cha simu kilicholia miaka yote hiyo kimepata mtu wake, sivyo? Aambiwa lafudhi yake nzito. Aulizwa kazi aliyowahi kufanya Kanada, wakati ameshuka ndege juzi. Akipokewa, apewa zamu ya usiku na mshahara wa mwanzo, na lugha yake ya pili yahesabiwa kama zawadi aliyoileta kwa bwana. Haya si mambo ya kila kituo, maana wako waajiri waungwana. Lakini atakayewauliza wahamiaji wa miji ile hatatembea mbali kabla ya kuyasikia.

TUJITAZAME NA SISI

Ni rahisi kuwalaumu watu wa mbali. Yafaa tuutazame na mlango wetu.

Mikongo ya baharini ilifika pwani ya Mombasa mwaka 2009, na tangu hapo kazi ya kupokea simu na kazi za namna hiyo zaweza kuletwa Afrika Mashariki kama zilivyopelekwa Moncton. Jumuiya yetu sasa ina nchi za Kiingereza na nchi za Kifaransa pamoja. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, na Kongo ikaingia mwaka 2022. Mfanya biashara atakaye kuuza kutoka Mombasa hadi Kinshasa atahitaji Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Haja itakuja. Je, watu wako wapi?

Rwanda yatupa somo. Mwaka 2008 serikali yake iliamua kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza mahali pa Kifaransa. Sababu zake zilikuwapo, na si kazi yetu leo kuzihukumu. Lakini tazameni matokeo kwa jicho la kazi: mtoto aliyeingia shule baada ya uamuzi ule amekua na Kiingereza, na Kifaransa chake ni kidogo kuliko cha kaka yake mkubwa. Lugha iliyoachwa kwa siku moja hairudi kwa siku moja. Shule huchukua miaka kumi na zaidi kumtoa mtu wa lugha mbili. Kule Quebec, mwaka 1965, wazazi wa Kiingereza wa Saint-Lambert walidai watoto wao wadogo wafundishwe kwa Kifaransa tangu darasa la mwanzo, na mtindo wao ukaenea Kanada nzima. Walianza na watoto wa chekechea kwa sababu walijua kwamba mti huu hauoteshwi kwa tangazo la kazi gazetini.

Basi nchi yenye busara haitupi lugha moja ili iokote nyingine. Yaongeza. Na mwajiri mwenye busara hangoji shimoni kama mwindaji. Hulipa karo, huweka mafunzo, hupanda pamoja na wazazi na serikali kile anachotaka kuvuna.

"KAZI ITAHAMA!"

Twajua neno watakalotujibu, kwa kuwa ni wimbo wa zamani: "Mkidai mishahara mikubwa, kazi itahama."

Hatutasema kwamba ni uongo mtupu. Kazi za simu huhama kweli. Dola ya Kanada ilipopanda hata kulingana na ya Marekani mwaka 2007, unafuu wa kuweka vituo Kanada kwa ajili ya wateja wa Marekani ulipungua, na wakati huo Filipino nayo ilikuwa ikizivuta kazi za Kiingereza. Simu za Wafaransa nazo zapokewa Moroko, Tunisia, Senegali, Madagaska na Morisi. Mtu akiwaambia wafanyakazi kwamba hakuna hatari, awadanganya.

Lakini tazameni kwa makini ni kazi gani ihamayo upesi. Ni ile ambayo mtu yeyote wa lugha moja aweza kuifanya popote. Kazi ya lugha mbili kwa pamoja ndiyo ngumu kuhamishwa, kwa sababu watu wake ni wachache kila mahali. Mwenye kitu adimu ndiye mwenye nguvu ya kusema bei. Ajabu ni kwamba mfanyakazi wa lugha mbili ameaminishwa kinyume chake: kwamba yeye ni mnyonge, ashukuru. Tena, kazi iliyokuja kwa ajili ya unyonge wa watu itaondoka siku itakapopata wanyonge zaidi. Mji unaojenga nyumba yake juu ya mishahara midogo umejenga juu ya mchanga.

YAFANYIKE NINI

Twasema wazi, ili asiwepo wa kusema kwamba twalalamika bila shauri.

Kwanza, lugha ya pili iandikwe katika mkataba kuwa ni ujuzi, na ilipwe kama ujuzi, kwa kiasi kinachojulikana na kinachopanda pamoja na mshahara. Isiwe bakshishi iliyoganda miaka 40.

Pili, mtihani wa lugha upime kueleweka. Usipime asili ya mtu. Na mwenye kushindwa aambiwe alishindwa wapi.

Tatu, mafunzo ya lugha yafanywe ndani ya saa za kazi, kwa gharama ya mwajiri. Mtu mwenye Kiingereza kizuri na Kifaransa cha kukwama ni nusu ya mtu wanayemtafuta. Wammalizie.

Nne, wafanyakazi wa simu waungane katika chama. Mtu mmoja mwenye spika masikioni hasikii sauti ya jirani yake. Bwana ajua hivyo. Wakisema pamoja watasikika.

Tano, wazazi na walimu wa nchi zetu wasikubali lugha yoyote iliyo mkononi mwa watoto ianguke. Jambo hili lizungumzwe katika mikutano ya matawi na lipelekwe kwa wajumbe wetu, kabla matajiri hawajafika na mikataba yao iliyokwisha kuandikwa.

Na kwa mabwana wenye vituo twasema hivi kwa adabu. Msitangaze tena kwamba watu hawapo. Watu wapo: wako Moncton, wako Ottawa, wako Goma na Bujumbura. Wengine wenu mliwaajiri wakaondoka, na wengine mliwarudisha mlangoni. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inameni basi. Fungueni mkoba, lipeni lugha zote mbili, nanyi mtaona jinsi viti vyenu vitakavyojaa.